Kifua Mbele Apima Ukoo kwa Mate

Hakuna mtu aliyewahi kulipenda jina lake la ukoo kama fundi cherehani tuliyemwita Kifua Mbele. Ukimpelekea suruali aipunguze, utarudi nayo ndefu vilevile, ila kichwa kimejaa habari za wafalme. Kwa maelezo yake, jina lile lilitokea ikulu, na babu yake alikuwa ndugu wa mfalme toka nitoke. Ikulu ipi, hasemi. Mfalme gani, anageukia cherehani na kukanyaga pedali kwa nguvu.

Basi ukoo ukatafuta mwenyekiti mpya. Kifua Mbele akajiona keshakalia kiti! Suti alishajishonea, na kiunoni akaacha nafasi ya kunenepa kwa heshima.

Kikwazo kikawa muuza nyama mmoja, kijana, aliyehamia mtaa wa pili akiwa na jina lilelile la ukoo. Mpole, mcheshi, na ukinunua nyama anakutupia na kipande cha ini. Wanaukoo wakaanza kunong'ona kwamba huyu ndiye angefaa.

Kifua Mbele akapandwa na mori. Kila mteja akawa anaambiwa na fundi mwenye pini mdomoni kwamba yule jina kaliokota njiani. Dawa ni moja tu, kupima vinasaba. Asiye wa damu asikiguse kiti!

Wazee waliona ni usumbufu, lakini kwa Kifua Mbele hukatai, unachoka. Wanaume wa ukoo wakaenda maabara kusuguliwa mashavu kwa ndani na vijiti vya pamba, mate yao yapimwe. Bibi mkongwe, yule ambaye ukoo mzima unamwita bibi bila kuuliza anakuingiaje, akataka kujua kulikoni. Kifua Mbele akamwambia apumzike tu, haya ni mambo ya sayansi. Bibi akapumzika.

Siku ya majibu, sebule ya bibi ilijaa hadi watu wakakalia mikono ya makochi. Kifua Mbele, joto likimla ndani ya suti, akampigia simu mtaalamu wa maabara na kuweka spika, muuza nyama asije akasingizia hakusikia.

Mtaalamu akaeleza taratibu kwamba kipimo kile hufuata upande wa baba, kutoka baba hadi mtoto wa kiume. Wote wamelingana, isipokuwa mmoja.

"Mtaje," alisema Kifua Mbele, akimkazia macho muuza nyama.

Akatajwa. Fundi cherehani.

Kifua Mbele akadai wamechanganya vijiti, kipimo kirudiwe. Mtaalamu akasema walisharudia, maana hata wao walishangaa. Maskini fundi akamgeukia bibi, akamsihi awaambie watu ukweli.

"Babu yako alikuja kwetu kuomba maji," bibi akasema. "Tukampa. Akaomba mke, akapewa dada yangu. Alipoomba na jina, tukaona haya kumnyima."

"Sasa bibi, mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza mimi. Wewe ukaenda kuuliza mate."

Watu walicheka hadi kochi moja likalia. Aibu ilimshika Kifua Mbele, tena aibu ya kweli. Alikuwa ameweka sharti mwenyewe, na sasa linamtoa yeye. Akainuka aondoke, lakini muuza nyama akamzuia kwa upole, akisema mjukuu wa dada wa ukoo hafukuzwi.

"Na asiondoke bila adabu," bibi akaongeza. "Huyu unayemwita mwokota jina ni mtoto wa mdogo wangu wa kiume, yule wa mwisho. Ni binamu ya baba yako. Kwako wewe ni baba mdogo. Msalimie."

Kifua Mbele, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, akamtazama kijana ambaye ndevu zenyewe zilikuwa bado zinajadiliana kama ziote. Akameza mate, yaleyale yaliyomponza.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu muuza nyama. "Umekua."