Kenge wa Futikamba

Redio ya kinyozi ndiyo iliyotuchokoza asubuhi ile. Kenge kaingia ofisini, wafanyakazi wametokea madirishani, meneja akiwa wa kwanza.

"Meneja ana akili huyo," akasema Futikamba, mshonaji wetu. "Mimi wangu ana wiki ya pili chumbani. Urefu futi tatu, kiuno inchi tisa."

"Umempima?" akashangaa Mkasi, kinyozi mwenyewe.

"Kwa jicho. Jicho langu halikosei."

"Na suruali yangu je?" nikamuuliza. Akajifanya hakusikia.

"Mke wangu alisema nichague, yeye au kenge. Nikachelewa kidogo tu kujibu, akahamia kwa dada yake." Akapangusa macho kwa utepe wake wa kupimia. "Jamani, nimemkumbuka. Naongea na cherehani."

Mama Birika, muuza kahawa, akamwongezea kikombe bila kuombwa. "Pole, mwanangu."

"Yamekwisha, mama! Saruji kanizibia kila tundu leo alfajiri. Chini ya mlango, kwenye bomba, mpaka darini. Sisimizi akitaka kuingia, abishe hodi! Mke wangu yuko njiani na mabegi yake."

Saruji, fundi mwashi, akanyoosha kola. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi yangu haina mwanya."

Mama Birika akaweka birika chini. "Saruji, baba. Ulipokuwa unaziba, kenge alikuwa wapi?"

"Uvunguni, amelala. Nikaona nisimsumbue."

"Sasa atatokea wapi?"

Mkasi akazima redio. Futikamba akanyanyuka, akamwaga kahawa, akatimua mbio na ndara moja mguuni. Ya pili ilibaki chini ya benchi pamoja na simu yake, na simu hiyo hiyo ikaanza kuita. Nikapokea.

"Shemeji, ni wewe? Mwambie mume wangu nimefika. Kazi nzuri, hata upepo haupiti! Nimefunga mlango, najinyoosha kidogo kitandani."

"Shemeji, ngoja kwanza..."

Akakata. Nikapiga, ikaita weee, haikupokewa.

Saruji alikuwa ameshabeba mwiko na tindo, jasho linamtoka.

"Haya, kimbia ukamtobolee mwenzio," akasema Mama Birika.

"Futikamba anisubiri, mama. Naanzia kwangu. Nami nilimzibia kenge wangu juzi hivyo hivyo, na mama mkwe ndiyo kwanza kapata usingizi."