Nyumba ya Kulala Tu

Jumatatu, 27 Novemba 1961

Stanislas wa asiransi alikuja asubuhi kuangalia nyumba. Mwaka mpya wa bima, maswali yale yale. Je, ni nyumba ya kulala tu, au kuna kazi inayofanyika ndani? Nikajibu: ya kulala tu. Mashini tatu za kushona nilikuwa nimezifunika kwa vitambaa vya meza, na juu ya moja nimesimamisha Bikira Maria wa plasta. Wateja wawili waliokuwa wakingoja kupimwa nikawatambulisha kuwa shangazi zangu. Mmoja ni wa rika langu. Stanislas aliwaamkia kwa mikono miwili.

Mgodi ulimla Papa, baba yangu, fidia yake ikawa nyumba hii. Mama hana kingine duniani. Ikiungua, asiransi itaijenga upya. Ndiyo maana Mama hupata usingizi. Lakini kutaja atelier, karakana ya kushona, ni kulipa zaidi kila mwaka. Nimesoma kwa masista miaka tisa. Najua kusoma masharti. Najua pia kupita kando yake.

Jirani yetu Victorine, mshonaji kama mimi, ametaja kila kitu. Analipa zaidi, na hati yake ameitundika ukutani kama picha ya harusi. Mjinga!

Alhamisi, 30 Novemba

Noeli inakaribia, mtaa mzima wa Katuba unataka nguo mpya. Bei yangu iko chini ya bei ya Victorine, na sababu ninaijua mimi peke yangu. Wateja wake wanaanza kuhamia kwangu. Leo alisimama kwenye ua wa michongoma, akaita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "We Edith! Bashangazi yako banazaliana kila siku?" Nilimdharau kimya kimya mpaka kichwa kikauma.

Jumatano, 6 Desemba

Vita vilianza jana mjini. Askari wa Katanga na askari wa ONU, wa Umoja wa Mataifa. Mizinga tangu alfajiri, umeme umekatika. Zéphirin, kaka yake Victorine, alitoka jana kutafuta unga na hajarudi. Victorine amesimama barabarani, anamuuliza kila anayepita. Hakuna aliyemwona.

Na wateja bado wanakuja! Mama mmoja alifika akiwa ameinama chini ya ukuta, risasi zinalia, ili kuniambia mikono ya gauni la binti yake iwe na marinda. Nilimheshimu sana. Nimeitoa pasi ya makala, ile ya mkaa aliyoiacha nyanya yangu. Kazi haiwezi kungoja umeme.

Jumamosi, 9 Desemba

Tumeungua.

Niandike kwa utaratibu. Nilikuwa napiga pasi gauni jeupe. Bomu likaanguka, si karibu sana, lakini madirisha yalitetemeka. Nikajitupa chini ya meza. Pasi ikabaki juu ya gauni. Nilipoinuka pazia lilikuwa tayari linawaka. Chumba cha mbele kimekwisha, vitambaa vya watu vyote, paa lote. Victorine ndiye aliyefika kwanza na ndoo. Alimtoa Mama nje kwa mkono. Mama alikuwa ameshika picha ya Papa na kifuniko cha sufuria.

Mama akaniuliza: asiransi italipa, si ndiyo? Nikasema ndiyo.

Nimefikiri mchana kutwa juu ya kiti barabarani. Hasara ya vita hailipwi. Hasara ya kazi isiyotajwa hailipwi pia. Kwa hiyo si bomu, wala si pasi. Ni chungu cha bukari, cha ugali! Moto wa kinyumbani kabisa. Kuna tatizo moja: jikoni ndiko hakukuungua. Nitasema tulikuwa tunapikia chumba cha mbele kwa sababu ya vita. Mama aliposikia aliomba maji ya kunywa.

Jumatano, 20 Desemba

Mizinga imenyamaza. Stanislas ametuma habari kwamba kesho atakuja kukagua. Nikaenda kuangalia majivu kwa macho yake. Chuma hakiungui! Mashini tatu katikati ya chumba, nyeusi, zimesimama wima kama mashahidi.

Nikachimba uani. Mama alikataa kushika jembe, kisha akalishika. Nilizilaza zote tatu katika shimo moja. Udongo ulizidi, ukawa kilima chenye urefu wa mtu aliyelala. Nilipogeuka, Victorine alikuwa amesimama kwenye michongoma. Safari hii hakupaza sauti. "Munazika nani?"

Siku hizi watu wanazika uani, maana njia ya makaburi haipitiki. Nikasema: baba mdogo Paulin, wa Kilwa, kule ziwani. Alikuja kututembelea, akaugua.

Paulin yuko Kilwa, mzima, anakausha samaki. Nimemuua kwa sentensi moja, na sikuona uchungu. Niliona unafuu.

Victorine aliondoka. Akarudi na mzigo wa kuni.

Alhamisi, 21 Desemba

Nilikuwa nimewasahau watu wa Katuba. Penye kilio hakuna anayengoja kuitwa. Wamekuja na mikeka, na kuni, na unga ambao hakuna mwenye nao. Wanawake chini, wanaume juu ya mabenchi, moto katikati. Mzee mmoja aliuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Nikasema wanne. Wakalia zaidi. Ningesema wawili!

Victorine alilala kifudifudi juu ya udongo ule, akalia mpaka sauti ikamwisha. Nikawaza: huyu ndiye yeye, lazima anishinde hata katika kilio changu mwenyewe.

Stanislas alifika, akavua kofia, akakaa. Hakuyatazama majivu. Alisema leo si siku ya karatasi, atarudi kesho. Mpango unakwenda vizuri kuliko nilivyoupanga. Mama hanitazami.

Ijumaa, 22 Desemba

Askari walikuja kutafuta silaha. Wamesikia kwamba hapa kuna udongo mpya. Stanislas alikuwa ameanza kupima ukuta. Mkubwa wao akaelekeza fimbo: "Iko nini hapa?"

Victorine akasimama mbele ya kilima, mikono wazi. "Iko muntu, papa! Iko maiti ya bantu. Hapa iko kilio!" Wakamsukuma, akaanguka. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa bado natafuta maneno yanayofaa, jembe likagonga chuma.

Walipoitoa ya kwanza waliruka nyuma wote, wakidhani ni silaha. Kisha askari mmoja akazungusha gurudumu lake kwa kidole. "Chef, marehemu alikuwa fundi!" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Kwenye mikeka hakucheka mtu.

Stanislas alizitazama mashini, moja baada ya nyingine. Akakunja futi yake. Akamwambia Mama, kwa upole mkubwa, kwamba asiransi haitalipa, kwa kuwa iliandikwa nyumba ya kulala tu. Mama akajibu, "Ndiyo, musieu," kama mtu aliyeambiwa saa.

Victorine alikuwa bado chini, pale alipoangukia. Aliniambia bila hasira, na hilo ndilo nisiloweza kulisahau: "Edith. Zéphirin wangu hana kaburi. Nilisema, huyu wa Kilwa atanisaidia, nitamulilia ndugu yangu hapa."

Kisha akaanza kukunja mikeka. Ilikuwa yake.

Jumanne, 2 Januari 1962

Tunakaa kwa Victorine. Mvua ilikuwa inatunyeshea ndani. Akaja, akamshika Mama mkono kama siku ile ya moto. Kwangu alisema tu, "Na weye, kuya," nami nikaja. Ametupa chumba cha nyuma. Hati yake ya asiransi iko ukutani, juu ya kitanda chetu. Imetaja mashini, vitambaa, pasi, kila kitu. Mama ameanza kulala tena.

Nimejichunguza sana wiki hii, bila kujihurumia. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Chuma! Mali ya chuma hubaki kukusema.

Sabuni haibaki. Na mjini sasa hakuna sabuni. Nimepata mawese na soda ya sabuni, nachemsha kwenye pipa katika veranda ya nyuma, moto mkubwa, miali inafika karibu na dari. Victorine aliuliza kuna nini humo. Nikasema maji ya kufulia.

Keshokutwa Stanislas atakuja kumwandikia Victorine mwaka mpya wa asiransi. Sioni sababu ya kumsumbua kwa jambo dogo. Nikilifunika pipa kwa kitambaa, ni meza.