Birika la Mama Namsifu

Leo nimeumbuka. Mbele ya kwaya nzima, sauti zote nne.

Asubuhi nimepanda bodaboda kutoka Same mjini mpaka kwetu huku milimani, maana kompyuta ya kwaya iligoma kuwaka na fundi wake ni mimi. Humo ndimo zilimo nyimbo alizorekodi marehemu mwalimu wetu, na Jumapili ni ibada ya kumkumbuka. Mjane wake, Mama Namsifu, ndiye anayetunza chumba cha kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti ya mzee ipo?"

"Ipo! Diski ziko mbili, kila moja na waya wake wa umeme. Kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine." (Nilisema kwa sauti, wanakwaya wasikie. Walisikia.)

Juu ya soketi bado ipo karatasi niliyobandika mwaka jana: MARUFUKU KUCHOMOA DISKI. Niliiandika kwa sababu ya birika la umeme la Mama Namsifu.

Nikiwa nafungua begi, yeye akawa anachemsha chai ya tangawizi nyuma yangu. Nikaanza kurudisha mfumo kutoka kwenye nakala yangu ya zamani. Kompyuta ikaniandikia onyo refu. Nikabofya "endelea". (Nani husoma yale maneno?) Nikanywa chai huku nikiwaeleza wanakwaya jinsi wataalamu tunavyofanya kazi.

Ikawaka! Makofi! Nikafungua folda ya nyimbo.

Tupu.

Nakala yangu ilikuwa ya kabla ya nyimbo zile, na ilikuwa imefuta diski nzima.

"Na kilichofutwa kwenye moja," akauliza mzee mmoja wa besi, "si kimefutwa na kwenye nyingine?"

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Mama Namsifu hakunigombeza. Aliuliza polepole tu, "Hata ule wimbo wa Krismasi?" Afadhali angenichapa.

Nikainama chini ya meza kukagua nyaya. (Nilikuwa najificha.) Diski ya pili haina taa. Kwenye soketi yake kumechomekwa birika.

"Mama, ulichomoa diski?"

"Nisamehe mwanangu. Ulifika unatetemeka kwa baridi. Ngoja niirudishe."

"MAMA, USICHOMEKE!"

Akabaki ameshika waya, macho kwenye karatasi yangu. "Wewe mtoto, amua moja."

Kwaya ikaangua kicheko. Fundi mwenye akili huitoa diski moja pembeni kabla ya kugusa chochote. Leo ameitoa Mama, kwa sababu ya chai. Ingerudi pale, ingeiga ile tupu, nayo ingefutwa. Nikaiunganisha peke yake kwenye laptopu yangu, nikanakili nyimbo zote, ndipo tukasikiliza. Mwalimu akakohoa, akasema, "Tena, sauti ya tatu mnachelewa." Sauti ya tatu wakalia. Mama Namsifu akacheka huku anafuta machozi, na mimi sikuwa na hali nzuri.

Karatasi yangu nimeibandua mwenyewe. Mahali pake ipo nyingine: FUNDI ANYWE CHAI KWANZA. Msicheke, naombeni. Mama alinitajia maneno, mwandiko ni wangu.