Siku Nilipoendesha Gari la Michezo Kiwalani

Wadau, leo nimechoreka, nimeumbuka. Si kuchoreka kwa kuteleza kwenye tope. Nimechoreka mbele ya baba mkwe, trafiki na nusu ya Kiwalani.

Iko hivi. Mtaani kwetu kuna jamaa tunamwita Injinia Sele. Ana karakana ya bodi za magari, na kwa muda mrefu amekuwa akichonga gari la michezo, la kwake mwenyewe, la kubuni kichwani. Jekundu, fupi, pua imechongoka kama papa. Juzi akaniita.

"Braza, nahitaji dereva. Mwenye leseni na mwenye sura. Wawekezaji wanakuja kuliona."

Nikamwambia leseni ninayo. (Sura alishaiona mwenyewe.)

Kosa langu la kwanza: nilitangaza. Nilimwambia mke wangu Neema. Neema akampigia baba yake Bunju. Sasa huyu baba mkwe, Mzee Kapinga, mwalimu mstaafu, tangu nimemuoa bintiye hajawahi kuniuliza kazi inaendaje. Huwa anauliza tu, "Bado upo upo?" Nikasema leo ndiyo leo. Mwambieni asimame pale njia panda, atanipungia mkono nikipita.

Leo asubuhi nimevaa suti. Tai. Viatu vya kuchongoka. Miwani ya jua. Nafika karakana, nazunguka gari, natafuta kitasa cha mlango. Hakuna.

"Sele, mlango unafungukaje?"

"Haufunguki. Umechorwa."

"Na injini?"

"Injini bado iko kwenye kompyuta."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwa utaratibu kabisa kwamba hili ni gari la mfano, hata kampuni kubwa huko duniani zinatengenezaga magari ya namna hii, yanaonyeshwa, watu wanapiga picha, mengine hayatengenezwi tena mpaka kiama. Ndani ni mbao na fito. Chini hakuna sakafu. Matairi ni ya plaiwudi. Lilitakiwa libebwe kwa kenta mpaka uwanjani, na kenta imegoma kuwaka, na wawekezaji wameshakaa kwenye viti chini ya turubai.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe na mafundi wangu mtaingia ndani mlitembeze kwa miguu."

(Hapa ndipo mtu mwenye akili anarudi nyumbani kula chapati.)

Nilifikiria kurudi, kweli. Nikampigia Neema. Akapokea kwa furaha: "Baba Junior, baba ameshafika njia panda! Na rafiki yake kaja naye!" Nikakata simu, nikasema, haya, liinueni niingie.

Tuliingia watatu. Mie mbele kwenye usukani, nyuma Chande na Mudi, mafundi wa Sele, wamefichwa na vioo vyeusi. Tatizo, gari la michezo ni fupi. Ili kichwa changu kitokee dirishani kama mtu aliyeketi, lazima nitembee nimechuchumaa. Kama bata. Hatua ya pili tu, suruali ya suti ikalia nyuma: praaa!

"Vua," Sele akasema kutoka nje. "Chini hakuna anayekuona."

Nikavua. Chande akanipa bukta yake ya mpira, ya njano, imechanika ubavuni. Viatu vya kuchongoka navyo havikubali kuchuchumaa, nikapewa kandambili. Juu suti, tai na miwani. Chini sitaki hata kusema.

Tukatoka. Na nyie, nisiwe mwongo, mwanzoni ilikuwa raha! Mudi alikuwa na kispika kidogo kinatoa sauti ya injini, inanguruma mpaka mabati yanatetemeka. Watu wanatoka madukani. Akina mama wanapiga vigelegele. Mie nageuza usukani taratibu, mkono mmoja dirishani. Bibi mmoja mwenye mkongojo akatupita, lakini alikuwa anatuangalia kwa heshima.

Kisha simu ya Mudi, iliyounganishwa na kile kispika, ikaita. Kispika kikaacha kunguruma, kikaanza kupiga muziki wa singeli. Gari zima likacheza singeli. (Chande alishindwa kujizuia, kiuno kikamponyoka, tukaonekana tunayumba.)

Hivyo ndivyo tulivyofika njia panda. Nikamwona Mzee Kapinga. Koti, kofia, amesimama wima kama yuko paredi. Aliponiona akavua kofia! Mwenzenu nikajisikia mtu. Nikainua mkono nimpungie, na trafiki naye akainua wake.

"Simama hapo. Leseni."

Nikatoa, ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Akaikagua.

"Kadi ya gari?"

"Halina, afande. Hili ni gari la mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa gari litakalotengenezwa."

"Kwa hiyo hili siyo gari."

"Kwa sasa ni wazo, afande."

Akaliangalia wazo lile kuanzia pua mpaka mkia. Akaangalia matairi. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu kidogo.

"Dereva, hii miguu ya nani?"

"Ya kwangu ni miwili tu, afande."

"Shuka."

"Mlango umechorwa, afande."

"Basi linyanyueni wote mtoke!"

Nikataka kumnong'oneza, afande, tuelewane kama wanaume. Nimechelewa. Chande na Mudi ni watu watiifu sana kwa sare. Walilinyanyua mpaka juu ya vichwa. Nikabaki nimechuchumaa katikati ya barabara. Koti, tai, miwani, bukta ya njano, kandambili. Mikono bado imeshika usukani wa hewani.

Hata bodaboda zilizima.

Mie kwa kuchanganyikiwa, nikamgeukia mzee:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, taratibu, kama yuko darasani. "Mafuta unajaza wapi?"

Njia panda ikalipuka. Afande akashika nguzo. Chande na Mudi wakacheka mpaka mikono ikalegea, gari likaanguka puu, pua ikakatika. Sele akaja mbio anaikumbatia ile pua kama mtoto. Nilimhurumia jamani, acheni utani. Mwekezaji mmoja aliyefuata kelele akamuuliza litaingia sokoni lini. Sele akakaa chini pembeni ya mtaro. "Hili halitengenezwi tena," akasema.

Afande akanirudishia leseni, machozi yanamtoka. "Nenda. Ila waenda kwa miguu wanapita pembeni."

Mzee Kapinga akavua koti lake, akanifunga kiunoni, tukaongozana mpaka nyumbani bila neno. Nikadhani amenisitiri. Kumbe alikuwa anapanga maneno. Sasa hivi nimejifungia chumbani, namsikia sebuleni anamwonyesha Neema nilivyochuchumaa, na rafiki yake anapiga sauti ya injini.

Kwa hiyo mkiitiwa kazi ya udereva, inameni kwanza muangalie chini. Na kama lazima mcheke, chekeni huko huko kwenu, mie zamu ya kuchekwa hapa nyumbani bado haijaisha.