Begi la Tukio la Mwisho

Siku Dairekta alipoingia kwenye duka la ushonaji kupunguza urefu wa suruali, hakuwa na mpango wa kumdhulumu mtu. Tusimsingizie. Alikuwa ameuaga mji mwingine kwa haraka kidogo, na mfuko wa ndani wa koti ulikuwa umevimba kwa pesa kiasi cha kumpumzisha mwaka mzima. Lakini mbele ya kioo alisimama muuza nyama wa jirani, mtu wa miraba minne, akijikunjia uso kama anayemtisha adui. Shemeji yake, kinyozi, alikaa juu ya robota la vitambaa akimsahihisha. Mama Uzi, mwenye duka, alipiga pasi huku akicheka. Walikuwa wameangalia filamu jana yake, na wote watatu walikubaliana kwamba wao wangeiigiza vizuri zaidi.

Dairekta alisahau uchovu. Riziki ikibisha hodi, si adabu kuiacha mlangoni.

“Kaka,” alimwambia muuza nyama, “uso huo nani anaulipia?”

“Hakuna.”

“Basi unaharibika bure.”

Akajitambulisha kuwa mshauri wa wanyonge wanaotaka kutengeneza filamu zao bila kuwapigia magoti matajiri. Ushauri wenyewe, tukisema kweli, haukuwa mbaya. Hadithi yote iwe ndani ya chumba kimoja, maana kila mlango mpya ni gharama. Mvua isiandikwe kabisa. Jirani mwenye gari apewe cheo cha balozi, ili gari lije naye. Na mtaji? Wachangiaji ndio waigizaji: anayetoa apewe nafasi, anayetoa zaidi aongezewe maneno.

Muuza nyama akawa steringi, nyota wa filamu, siku ile ile. Kinyozi alitoa kidogo, akapangiwa kufa mapema. Aliporudi na nyongeza, akaruhusiwa kufufuka. Mama Uzi alitoa akiba ya kununulia cherehani mpya, aliyoihangaikia muda mrefu, akashona mavazi yote bure na kukabidhiwa usimamizi wa vifaa vya filamu. Michango ikafungiwa kabatini mwake, mtu asiwe na wasiwasi. Dairekta naye aliahidi kuweka fungu lake kabla kazi haijakwisha.

Kamera alikuja nayo mwenyewe, kubwa, nyeusi, yenye jicho la kutisha. Ilikuwa mbovu tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mazoezi yakaenda kwa raha mpaka Dairekta mwenyewe akajikuta anaamka mapema kuyawahi. Hilo lilimshtua. Akaharakisha kuandika tukio la mwisho.

Katika tukio hilo mwizi anaingia, ananyakua begi lenye mali yote ya familia na kutokomea. Nafasi ya mwizi aliichukua yeye, kwa kujitolea, kwa sababu haikuwa na heshima. Alimwomba Mama Uzi alijaze begi pesa kutoka kabatini, kisha akatoa sharti moja: mtu asisogee mpaka aseme “kata”.

Akanyakua, akatoka mbio. Nyuma ya jengo la tatu alisimama, akafungua zipu. Ndani kulikuwa na karatasi za kuchorea mitindo, zimekatwa vizuri na kufungwa kwa mipira.

Mwingine angeendelea kukimbia. Dairekta alikuwa na wivu na kazi yake. Alirudi, akawakuta wamesimama vile vile, kinyozi akitokwa machozi kwa kujizuia kupepesa.

“Kata. Tunarudia. Inaonekana kabisa ni karatasi, si pesa.”

Mama Uzi aliomba radhi, akasema kazi ya vifaa bado ngeni kwake. Za kweli zipo, angeziweka mara moja. “Ila na fungu lako liingie, Dairekta, kama ulivyoahidi. Tusije tukaonekana wababaishaji.”

Dairekta alipiga hesabu: kitakachoingia begini kitatoka naye. Akaukamua mfuko wa koti mpaka ukalala, akafunga zipu kwa mkono wake.

Hapo muuza nyama akakohoa. Kama steringi, alikuwa na lalamiko. Mara ya kwanza kamera iliachwa yatima, ikitazama meza ya pasi wakati mwizi anatokea mlangoni. Dairekta gani anakimbia badala ya kukaa nyuma ya kamera? Kabla hajajibiwa, Mama Uzi alikuwa ameshavaa koti la mwizi na kushika begi. Dairekta aliwaza kwamba mama mtu mzima angefika kona, apumue, arudi. Yeye angetafuta kasoro, warudie tena.

“Haya. Anza.”

Mama Uzi alikimbia kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

“Kata,” Dairekta aliita. Akaita tena, kwa nguvu. Mtaa haukujibu. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, kwa sababu yote aliyokuwa nayo duniani yalikuwa yamepita mlango ule. Akageuka awafariji wenzake katika msiba. Muuza nyama alikuwa akikunja vazi lake. Kinyozi alichomoa pasi. Watu walioibiwa hulia. Hawa walikuwa wanafunga duka.

“Ameondoka na pesa zetu,” Dairekta alisema.

“Zako,” muuza nyama alimrekebisha. “Dada yangu hawezi kuniibia mimi, wala kumwibia mume wake huyu.”

Dairekta alimtazama kinyozi. Muda wote huo hakuwahi kuuliza ni shemeji kwa nani.

“Aliishonea kamera yako mfuko,” kinyozi alieleza kwa upole. “Mahali pa betri akakuta buibui.”

“Mbona basi mmeniacha niwafundishe siku zote hizo?”

“Filamu tuliitaka kweli.” Kinyozi alichomoa simu katikati ya marobota, taa yake nyekundu ikiwaka. “Tumechukua kila kitu. Imebaki picha moja tu, mwizi anapogundua ameibiwa. Tafadhali usisogee.”

Dairekta alitaka kutukana. Alitaka pia kukimbia, lakini hakuwa na nauli hata ya kufika mji unaofuata. Akauliza kwa sauti ndogo.

“Steringi ni nani?”

Muuza nyama alimwangalia shemeji yake, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayetoa kitu cha thamani.

“Wewe.”

Basi Dairekta akageuza kidevu taratibu kuelekea dirishani, palipokuwa na mwanga mzuri, akaacha chozi lishuke.