Kwale Wangu na Nyuzi Tatu Nyekundu

Jumanne, 21 Oktoba

Mama mkwe wangu, Mama Casilda, ameanza tena. Asubuhi nzima analalamika juu ya Lucero, kwale wangu, ndege wa kuwindia, wa kuwaita kwale wenzake, mwenye sauti safi kuliko wote hapa La Mancha. Eti anamwamsha kabla ya jogoo. Eti mahali pake ni sufuriani, na siki na kitunguu saumu. Hayo yote anayasema huku akichambua zafarani, mikono yake haiitazami hata kidogo. Anashika ua, anatoa nyuzi, anatupa ua. Rundo la maua ya zambarau limemfika magotini.

Nimechoka! Nikasema kuchambua zafarani si uchawi, hata mimi naweza nikitaka. Mke wangu Angustias akanikanyaga mguu, lakini alichelewa, maneno yalishatoka.

Basi dau limewekwa. Jumapili kuna mashindano ya kuchambua pale uwanjani. Nikimshinda, Mama Casilda anahamia kwa dada yake Tomelloso mpaka Pasaka. Akinishinda, Lucero anapikwa. Ameshinda kila mwaka tangu nimwoe binti yake. Lakini ana miaka sabini na tisa! Macho yale yataona nini?

Jumatano, 22 Oktoba

Nimepata silaha. Kitabu cha baiolojia alichokiacha binti yetu alipohamia Valencia. Kumbe uzi wa zafarani ni sehemu ya kike ya ua! Miaka yote naula kwenye wali na hakuna aliyeniambia. Juu kuna stigma, ndizo zile nyuzi tatu nyekundu, kazi yake kupokea chavua. Chini zinaungana kwenye shingo moja nyembamba, nyeupe, iitwayo staili. Shingo inashuka, inashuka, mpaka kwenye ovari, ambako mbegu hutengenezwa. Na ovari ya zafarani imejificha chini ya udongo! Zile stameni tatu za manjano pembeni ni za kiume. Jikoni hazina faida yoyote.

Sasa nimewaelewa waamuzi. Wanataka nyuzi tatu zikiwa bado zimeshikana. Ukikata juu mno, zinaachana, alama zimekwenda. Ukikata chini mno, umebeba shingo nyeupe, alama zimekwenda. Pa kukata ni padogo kama punje ya mchele.

Wakati wa chakula nimewaeleza yote, staili, ovari na kila kitu. Mama Casilda akauliza kama ovari inaongezewa chumvi. Angustias akacheka mpaka akapaliwa. Nikauliza, kama kuna ovari, mbona hatupandi mbegu, kila mwaka tunapanda vile vitunguu vyake vya chini ya udongo tu? Mama Casilda akasema zafarani haizai mbegu. Nikauliza, nani amejaribu? Hawa watu hawakuwahi hata kujaribu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku mbaya. Nilikuwa nafuga ukucha wa kidole gumba kwa ajili ya kukata penyewe. Umevunjika nikifungua kopo la dagaa! Nikajaribu mkasi wa Angustias, akanikumbusha kwamba sheria ni vidole vitupu. Nimefanya mazoezi na bakuli moja la maua. Nyuzi nyingine zimebaki mbili mbili, nyingine zina shingo ndefu kama za bata. Angustias ametazama sahani, akauliza kuku ameingia saa ngapi.

Nimefikiri sana. Tatizo si mimi, tatizo ni maua. Sheria inasema kila mtu alete maua ya shamba lake, yaliyochumwa alfajiri ileile. Alfajiri yamefumba kama ngumi, unapoteza muda wote kuyafumbua. Lakini ua lililofumbuka, nyuzi zinaning'inia nje zenyewe! Nimeweka moja karibu na jiko la makaa la kuotea miguu chini ya meza. Limefumbuka mara moja. Na sheria haisemi lolote juu ya joto.

Jumamosi, 25 Oktoba

Honorato mwoka mikate amekubali. Nitaweka kapu langu kwenye chumba chake chenye joto cha kuumulia unga, kwa chupa moja ya mvinyo wa anisi. Amesema sijielewi. Chupa amechukua.

Mama Casilda amekaa uani akinoa kisu huku akipiga mluzi. Kila mara anamtazama Lucero. Hata haya hana! Nimemwambia Lucero asiogope. Ameniangalia kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Kusema kweli, sikulala vizuri mchana.

Jumapili, 26 Oktoba

Siwezi. Lazima niandike, lakini siwezi.

Nilichuma alfajiri, kapu likaenda kwa Honorato. Lilipotoka, lo! Maua yote yamefumbuka, nyuzi nje, kama yananingoja mimi. Nikatembea mpaka uwanjani kifua mbele. Saa ya marehemu babu mkononi ilisema saa nne kamili, saa ya mashindano. Uwanja mtupu. Mfagiaji peke yake. Nikamwuliza wako wapi watu. Akaniuliza kama kwetu saa hazikurudishwa nyuma usiku.

Saa! Kila Oktoba nchi nzima zinarudishwa nyuma saa moja, na kila Oktoba mimi ndiye wa mwisho kukumbuka. Nikakaa saa nzima juani na kapu mapajani. Nikalifunika kwa koti. Nikapuliza. Maua yalikuwa yakinywea mbele ya macho yangu.

Mama Casilda akaja na maua yake yaliyofumba ngumi, ameshikwa mkono na Angustias. Akachungulia kapu langu. "Mkwe wangu, hiyo ni zafarani au mchicha wa jana?"

Filimbi ikalia. Petali zangu zilikuwa karatasi iliyolowa. Nyuzi zimegandia humo, chavua ya manjano imepaka kila kitu. Nikivuta, inatoka ncha bila shingo. Nikivuta tena, inatoka stameni. Mwamuzi, Señora Basilisa, akaitazama sahani yangu, kibanio cha kukagulia nyuzi mkononi, akakirudisha mfukoni. Akasema pole. Nilikuwa sijamaliza hata robo ya kapu Mama Casilda alipoinua mikono kuonyesha amemaliza. Hakuwa hata amevaa miwani.

Njiani kurudi nyumbani alinunua siki.

Jumatatu, 27 Oktoba

Lazima nimwokoe Lucero. Mama Casilda amesema atampika Alhamisi, nyama ikae kwenye siki mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimetangaza kwamba Lucero anaumwa, labda ni kifua, labda hata wanadamu wanaambukizwa. Nimekohoa kidogo ili waelewe. Mama Casilda akainuka, akaenda kwenye kizimba, akamsikiliza. Akasema kweli anahema vibaya. Akabeba kizimba na kila kitu, akakipeleka chumbani kwake kwenye joto, akafunga mlango.

Amemchukua! Sikufikiria hilo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Sufuria haikuwekwa jikoni. Nimesikiliza mlangoni. Lucero anaimba! Kwangu hajawahi kuimba hivyo. Na yule bibi anamwambia, "Kula, baba, kula," na kumkatia tufaha. Tufaha! Mimi nikiomba tufaha naambiwa ni la keki.

Nikabisha hodi, nikadai ndege wangu. Akasema mgonjwa hasumbuliwi. Akasema pia kwamba kama nina nafasi ya kusimama milangoni, kuna makapu ya maua mezani. Nimechambua tangu asubuhi. Mikono ni ya manjano mpaka kwenye viwiko. Angustias anasema mbili tatu zimetoka vizuri.

Jumapili, 2 Novemba

Tumerudi kutoka makaburini. Mama Casilda alimwekea mumewe maua. Tulipofika akaniletea kizimba mwenyewe. Akasema chukua ndege wako, Eutimio, chumba kimejaa manyoya. Kisha akasema marehemu naye alikuwa na kwale. Machozi yalimlenga, akaingia ndani haraka.

Lucero wangu! Nimekaa naye dirishani mchana mzima. Nilikaribia kulia, na nilipokaribia kulia, akili ikanijia.

Kitabu! Stigma ikipokea chavua, ovari inazaa mbegu. Nimekimbia shambani na brashi ya rangi, nikayapaka chavua maua ya mwisho mstari mzima, kila stigma, zote tatu tatu. Nimefunga utepe kwenye kila shina. Mwakani nitakuwa mtu wa kwanza La Mancha kupanda zafarani kwa mbegu!

Nimetangaza mezani. Mama Casilda amecheka mpaka akashika ukuta. Wivu. Nikamwambia tuweke dau: mbegu zikitoka kabla ya Pasaka, anahamia Tomelloso. Akauliza nisiposhinda, nina nini cha kuweka. Nikatazama huku na huku. Angustias akanikanyaga mguu. Nikasema: Lucero.

Ameuliza kama nina uhakika. Nimemwambia kabisa, yote yameandikwa kitabuni. Akaenda kabatini kutazama kama siki bado ipo.