Mazabodi Iliyofia Kasese Ikaamkia Bwera

Semakula alikuwa fundi wa simu kwenye baraza moja mjini Kasese, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko bisibisi yake. Siku Lamwaka, mama aliyewahi kuwa mteja wake, alipofika amekumbatia furushi la kitenge, alimpokea kwa bashasha, kana kwamba alikuwa akimngoja tangu asubuhi, ingawa alishamsahau kabisa.

Ndani ya furushi mlikuwa na mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ya zamani kiasi kwamba nyingi za rika lake zilishauzwa kama vyuma chakavu.

"Hii ya mzee wangu, Afande Ocen," mama akasema. "Amestaafu. Kila siku alikuwa anacheza gemu yake ya ndege, ametulia. Tangu hii imekufa, anaingia jikoni yangu, anakagua sufuria kama iko paredi. Jana ameniamuru nikate kitunguu upya. Fundi, nisaidie, nitamukimbia huyu mzee."

Kisha akavuta kigoda, akaketi kando ya meza. Ndivyo afanyavyo kila mteja mwenye akili timamu: haondoi jicho kwenye kifaa chake, maana fundi akikohoa tu, kipuri kimeshabadilishwa. Semakula akaitazama mazabodi bila hamu. Kapasita, vile vipuri vidogo vya kutunzia umeme, zilikuwa zimevimba, na betri ilikuwa imevuja uchafu wa kijani uliokula njia za shaba. Kazi kubwa yote hiyo, kwa mashine ya mchezo. Alikusudia kuipuliza vumbi na kumtakia mama safari njema.

Hapo akatokea mwanamume wa shati safi, Bwambale kwa jina, akiulizia chaja. Alipoiona mazabodi, chaja ikamtoka akilini. Lamwaka alivuka barabara kununua chapati, naye Bwambale akainama.

"Hii kintu iko yako?"

"Ya nani tena?" alisema Semakula, wala hakupepesa macho.

"Kule Bwera niko na mutu moja, anatafuta hizi za zamani sana. Atakupa pesa mpaka utafungua duka. Lakini ataona kwanza gemu inatembea. Kama imekufa, hataki."

Duka! Semakula alikuwa amenyeshewa na mvua barazani miaka na miaka. Duka lenye mlango ndilo jambo pekee alilowahi kumwomba Mungu bila kudanganya.

Lamwaka aliporudi alimkuta fundi amevua kofia.

"Mama, pole. Hali yake ni mbaya. Niachie nijaribu, lakini usikae hapa. Moshi wake ni sumu."

Lamwaka akaondoka bila ubishi. Aliporudi tena, Semakula alimkabidhi mazabodi nyingine, mfu kabisa, aliyoiokota kwenye takataka zake, akiwa ameifunga vizuri katika kitenge kilekile. Alimpa na pole za msiba. Mama alijifuta macho akaenda zake, na Semakula akamwonea huruma, kwa muda mfupi.

Kisha akafanya kazi, kazi ya kweli, ambayo majirani zake barazani hawakuwahi kuiona. Aliusugua uchafu wa kijani kwa mswaki na spiriti. Aling'oa kila kapasita iliyovimba, akaweka nzima kutoka akiba aliyokuwa akiwanyima wateja. Palipoliwa shaba aliunga waya mwembamba kama unywele, huku akibana pumzi. Skrini aliyoiunganisha ilipowaka, na kindege cha gemu iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao kikaruka, alipiga makofi ya furaha peke yake.

Huko Bwera, Bwambale alimpeleka kwenye nyumba moja nyuma ya soko. Semakula aliifunga mazabodi ndani ya kasha tupu la kompyuta alilolikuta mezani, akakaza skrubu zote, akawasha. Kindege kikaruka. Pazia likafunguka, akaingia mzee mrefu wa fulana na kandambili. Hakusalimu mtu. Aliketi, akaanza kutungua ndege za adui huku akicheka chinichini.

Nyuma yake akaja Lamwaka na chupa ya chai, na furushi la kitenge kwapani.

"Karibu kwetu, fundi. Bwambale, jirani yangu, asante."

Semakula akautazama mlango. Kuidai mazabodi kulihitaji kueleza ameipataje, tena mbele ya afande. Akajifanya anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Mwaka jana nimekuletea simu," Lamwaka akamwambia kwa upole, "imerudi mgonjwa zaidi. Nikafikiri. Huyu, kitu ya mtu anaharibu. Lakini ile anataka kuiba, ataitengeneza kabisa." Akamwekea furushi mapajani. "Hii ndiyo yako."

Afande akaongea bila kugeuka. "Mashine iko mbio kuliko zamani. Nani ametengeneza?"

Lamwaka akatazama dari. Jibu la busara Semakula alilijua: hajui, yeye alikuwa anapita tu. Lakini aliukumbuka ule waya mwembamba. Ilikuwa kazi safi kuliko zote za maisha yake, na akinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Hilo lilimuuma kuliko duka.

"Ni mimi, afande."

"Kazi safi. Jikoni kuna pasi, redio na jiko ya umeme. Zote iko mgonjwa. Nimezipanga kwa mstari. Hautoki mpaka zipone."

Semakula akaomba chai iwe na sukari nyingi, kisha akauliza waanze na pasi au redio.